Siku Ambayo Sikupita

Niliugua homa ya matumbo nikiishi Pipeline, Nairobi, ghorofa ya 6, katika chumba kimoja kilichotazama kamba za nguo za ploti jirani. Siku tatu sikutoka nje. Siku ya nne mlango ukabishwa. Nikajikokota kufungua, nikidhani kuna mtu amenikumbuka. Kumbe ni keateka. Ilikuwa tarehe 5 na kodi haikuwa imeingia.

Simlaumu. Ploti ile ina watu wengi kuliko kijiji cha nyanya yangu, na kazi yake ni kodi. Lakini nilirudi kitandani na wazo moja: kama ningekufa siku ya kwanza, wangejua tarehe 5.

Miezi michache baadaye nilikuja Lamu kwa wiki mbili. Kazi yangu ni kutafsiri mtandaoni. Nikiwa na laptopu, bando na stima, bosi hana haja ya kujua niko wapi. Zile wiki mbili zimekuwa mwaka mmoja na nusu.

Marafiki wa Nairobi wakinipigia huuliza habari za bahari. Wanadhani nashinda nimelala mchangani. Wacha niwaambie: ufuo wa kuogelea uko Shela, mwendo wa kama dakika 40 kwa miguu. Hapa mjini kuna gati, mashua, na vichochoro vyembamba visivyopitisha gari. UNESCO iliutia mji huu kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na mpaka leo mizigo mingi hubebwa na punda na mikokoteni. Wala si kwamba kuko kimya. Usiku punda hulia kama mlango wenye kutu, na alfajiri adhana hupokezana msikiti kwa msikiti. Nisichokisikia ni honi na makanga.

Mwenye nyumba wangu ni bibi wa miaka 70 na kitu. Wiki ya kwanza alinifunza jambo moja: ukipita, amkua. Basi kila asubuhi nikienda kununua mahamri Usita wa Mui, nawaamkua wazee walioketi barazani. Shikamoo, marahaba, umeamkaje, kazi yaendaje, nyumbani hawajambo. Mwanzoni niliona wananipotezea muda. Njia ya dakika 5 ilikuwa inanichukua 20.

Halafu siku moja niliamka kichwa kinaniuma, nikarudi kulala. Saa nne mtoto akabisha, ametumwa na mama wa mahamri: "Ati mbona hukuja?" Saa tano mwenye nyumba akapanda ngazi na bakuli la uji. Adhuhuri mzee mmoja wa barazani akapiga hodi chini, bila kuingia, kuuliza kama nahitaji kupelekwa hospitali. Watu watatu, na sikuwa nimempigia yeyote simu. Nilikuwa tu sijapita.

Hiyo ndiyo sababu nimekaa. Ina bei yake, lakini. Macho yaleyale yanayojua sijapita yanajua pia nilirudi saa ngapi, na nilisimama na nani gatini.

Tena kuna mjukuu wa mwenye nyumba. Ana miaka 22 na diploma ya uhasibu. Mwezi uliopita aliniuliza kodi ya Pipeline ni pesa ngapi. Nikaanza kumhubiria: kelele, maji ya mgao, upweke. Nikamwambia raha iko hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Dada, wewe umekuja na mshahara wako. Mimi nitakula upepo?"

Nilikosa jibu. Utulivu ninaousifu naulipia kwa pesa za mji nilioukimbia. Yeye anaujua kama barua za kuomba kazi ambazo hazijajibiwa.

Kisha akaniomba kitu kidogo: jina na namba ya jirani yangu wa zamani, awe na mtu wa kumwendea siku akikwama. Niliishi kwenye ploti ile miaka minne. Sikuwa na jina hata moja la kumpa.

Aliondoka Jumamosi, mashua hadi Mokowe, kisha basi. Sasa kila asubuhi kabla sijatoka namtumia ujumbe: "Umeamkaje?" Ikifika saa nne hajajibu, napiga. Bibi husubiri chini ya ngazi nimwambie.

Jana alijibu mapema.

"Leo nimewaamkua majirani watano, dada. Wawili wameitika."