Mzee wa Kahawa

Usiku mmoja wa mwaka 2022 nilichelewa kufika Dar es Salaam. Basi letu liliharibika Chalinze, tukakaa pale kwa muda mrefu. Nilipofika Kariakoo ilikuwa saa sita usiku. Maduka mengi yalikuwa yamefungwa. Nilitafuta nyumba ya wageni katika Mtaa wa Sikukuu, nikapotea.

Mara nikasikia hatua za mtu nyuma yangu. Nikaharakisha. Nazo zikaharakisha. Nikaukumbatia mfuko wangu, maana ndani mlikuwa na fedha za vitabu vya darasa letu. Halafu nikasikia vikombe vikigongana. Nikageuka. Alikuwa mzee muuza kahawa, amebeba buli lake lenye makaa ya moto chini.

Niliona haya. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuona ukipita hapa mara tatu. Umepotea?"

Nilimweleza. Akasema, "Nifuate."

Tulikwenda polepole. Yeye hakutazama vibao vya mitaa. Alijua njia kwa misikiti, kwa miti na kwa milango ya maduka. Tulipofika nikampa fedha, akakataa. Akatoa simu yake ndogo.

"Nisomee ujumbe huu. Umekuja jana kutoka kwa binti yangu, yuko Kilwa. Ni mja mzito, na siku zake zimefika. Nikimpigia, hapatikani."

"Tangu jana hukupata wa kukusomea?"

"Watu wapo. Lakini mwaka jana kijana mmoja alinisomea. Akaijua namba yangu ya siri, akatoa fedha zangu zote. Tangu hapo simu yangu simpi mtu. Ila wewe umekubali kunifuata gizani. Nami nakuamini."

Nilisoma: "Baba, nimejifungua mtoto wa kike. Sote wazima. Tumempa jina la mama. Simu yangu inazimika."

Mzee aliketi kwenye ngazi. "Soma tena," akasema. Nilisoma mara tatu. Kumbe tangu jana alibeba habari njema mfukoni, naye akiiogopa.

Alinimiminia kahawa, tukanywa pamoja. Akasema, "Mwaka 1975 palikuwa na darasa kijijini kwetu, chini ya mwembe. Mimi nilikwenda kuvua samaki. Niliona kusoma ni kazi ya watoto."

Ndugu msomaji, usiku ule nilimdhania mzee yule kuwa mwizi. Kumbe yeye ndiye aliyeibiwa. Siku hizi darasani kwetu tunasoma pia ujumbe wa simu. Tunakumbushana kwamba namba ya siri haitajwi mbele ya mtu. Kila mwanafunzi anapojisomea ujumbe wake mwenyewe, namkumbuka mzee wa kahawa.

Maswali
1. Kwa nini mzee hakumpa mtu mwingine simu yake?
2. Wewe ulipokuwa hujui kusoma, nani alikusomea barua zako?