Staa wa Makachu na Kipimo cha Kupuliza

Jina kapuni. Wapenzi wa makachu wanamjua tu: yule wa Forodhani anayeruka ukutani kajikunja kama kamba wa baharini, anazama, watalii wanaanza kuangaliana, halafu anaibuka kule mbali anacheka. Video zake zinazunguka mpaka Dar. Kwa kubana pumzi, pale ukutani hana mpinzani.

Sasa staa wetu kaomba kazi ya zimamoto. Siyo ya hapa Unguja, ni ya uwanja wa ndege mmoja huko Arabuni, na kampuni nayo kapuni. Usaili kapita, mshahara wa kueleweka, limebaki jambo moja: vipimo vya afya, na ndani yake kuna cha mapafu. Washkaji wakacheka. Mtu anakaa chini ya maji vile, atafeli vipi kupuliza?

Hapo ndipo wengi wanapoingia mkenge. Kile kipimo hakiulizi unaweza kubana pumzi kwa muda gani. Kinataka kujua ukishajaza kifua, ile hewa unaitoa kwa kasi gani. Unabanwa pua, unavuta mpaka mwisho, unafunga midomo kwenye mrija bila kuacha upenyo, halafu unapuliza kwa nguvu zote palepale, bila kusita, na unaendelea kusukuma sekunde 6 hivi au zaidi mpaka kifua kiwe kitupu. Sekunde ya kwanza ndiyo yenye kesi. Kijana ambaye njia zake za hewa ziko wazi hutoa zaidi ya asilimia 70 ya pumzi yake ndani ya sekunde hiyo moja. Zikiwa zimebana, hewa inatoka kidogokidogo hata kifua kiwe kama pipa. Na unarudia mpaka zipatikane pulizo 3 safi zinazokaribiana, kwa hiyo ujanja ujanja hauendi mbali.

Wala siyo mambo ya juzi. Mwaka 1846 daktari Mwingereza, John Hutchinson, alitoa majibu ya watu zaidi ya 2,000 aliowapulizisha kwenye mashine yake, na wazimamoto wa London walikuwemo.

Basi nesi akampa masharti kwa simu. Asile akashiba saa mbili kabla (kwaheri urojo), asivute kitu, asifanye mazoezi mazito karibu na muda wa kipimo, na nguo isimbane kifua wala tumbo. Hiyo ya nguo ilimuuma, maana fulana zake zote ni za kuonyesha mwili. Shisha alishaiacha wiki kadhaa nyuma, na hongera kwake, kwa sababu kuna watu bado wanaamini maji ya kwenye chupa yanasafisha moshi. Hayasafishi. Kama ana mafua au kifua kimemshika aseme, atapangiwa siku nyingine.

Halafu nesi akauliza: kuna dawa yoyote ya kuvuta unayotumia?

Akajibu hakuna.

Ukweli ni kwamba ipo. Ana pumu tangu utotoni. Inhela yake ya bluu inakaa chini ya mkoba na mashabiki hawajawahi kuiona. Usiku mmoja wa baridi baada ya makachu ndiyo huitumia, na asubuhi anaamka mzima. Mshkaji wake wa karibu akampa dili: "Yakhe, vuta mbili tatu chooni kabla hujaingia, mashine itasoma poa, nani atajua?"

Na kweli, inaweza kusoma poa. Hata bila kuvuta inaweza kusoma poa, kwa sababu pumu ina siku zake, leo kifua kiko wazi, kesho kimefunga. Ndiyo maana watu wa vipimo wanauliza kabla ya kupuliza, na ndiyo maana dawa ile inaachwa kwa saa kadhaa kabla, kwa maelekezo yao wenyewe. Ila mtu akibanwa asijikaushe, avute dawa yake halafu awaambie.

Aliyeharibu dili ni bi mkubwa. Alisikia mazungumzo kutoka jikoni. "Mwanangu, mie nimekesha na hicho kifua miaka mingapi? Kikikubana ndani ya moshi, nani atakutoa?"

Swali zito hilo. Mzimamoto anaingia na mtungi mgongoni, na hewa yake ina kipimo. Ukihema kwa taabu inakwisha mapema. Na haingii peke yake. Fikiria vichochoro vya Mji Mkongwe ambavyo gari la zimamoto halipiti, nyumba zina dari za boriti, watu wanaburuta mipira kwa miguu. Mwenzako akikubebea siri, anabeba na mwili wako.

Akampigia nesi tena, akasema yote.

Siku ya kipimo pulizo la kwanza likakataliwa, alisita. La pili akakohoa. Yalipopatikana matatu safi, sekunde ya kwanza ikasoma asilimia 66. Akavutishwa dawa, akakaa dakika 15, akapuliza upya, ikapanda hadi 76. Daktari akaandika pumu, akamwanzishia inhela ya kuzuia ya kila siku, akamwambia arudi baada ya wiki 8. Kuwa na pumu peke yake siyo kufeli, alimwambia, wataangalia imetulia kiasi gani, ila neno la mwisho ni la mwajiri.

Hajaposti chochote kuhusu hili. Wiki ya tatu sasa, anavuta dawa asubuhi na usiku, anasukutua mdomo kama alivyoelekezwa. Kampuni imejibu kwamba inasubiri cheti. Haikusema itasubiri mpaka lini.