Shajara ya Fundi wa Taa za Dagaa

Jumatatu, 19 Agosti 2024. Mwanza

Mwezi ni mpevu leo. Mwaloni Igombe mitumbwi imepangwa mchangani, kwa sababu usiku wa mbalamwezi dagaa hawaifuati taa. Wavuvi wanashona nyavu, na taa mbovu zote zinaletwa kwangu. Nimepokea tano. Nne ni kazi ya nusu saa: swichi, waya, maji yaliyoingia ndani. Ya tano niliitengeneza mimi mwenyewe, na imeungua.

Nahodha wake hakunigombeza. Aliiweka mezani taratibu, akasema, "Fundi, safu moja ilizima, zile mbili zikang'aa kuliko siku zote. Tukaona ni heri. Hatukukaa sana, zote zikafa." Walirudi nchi kavu saa saba usiku, mtumbwi mtupu.

Jumatano, 21 Agosti

Nimeifungua. Kosa ni langu, si la ziwa.

Taa hii ina LED tisa: safu tatu, kila safu LED tatu. Draiva yangu inachukua volti 12 za betri, inazishusha hadi volti 9 na kidogo, na inalinda mkondo usivuke miliampea 1,050, yaani 350 kwa kila safu. Lakini inautazama mkondo wote kwa jumla. Waya wa safu ya kwanza ulikatika kwa kutikiswa na mawimbi. Draiva ikaona mkondo umepungua, ikasukuma zaidi mpaka ikapata 1,050 yake, safari hii kupitia safu mbili. Hiyo ni 525 kwa kila safu. Ya pili ikapata moto ikafa. Ya tatu ikabeba zote 1,050 peke yake.

Draiva ilifanya nilichoiagiza, hadi mwisho. Nilipoijaribu hapa dukani mzigo haukuwahi kubadilika, na sikuwaza kwamba ziwani utabadilika.

Nimeweka rezista ndogo ya kupimia kwenye kila safu. Sasa chipu ya draiva inahesabu safu zilizo hai kabla ya kuamua mkondo. Zikibaki mbili, kikomo kinashuka hadi 700. Ikibaki moja, 350. Nimechomoa waya makusudi mara ishirini leo. Haikuungua hata LED moja.

Jumamosi, 24 Agosti

Kwa kuwa taa iko wazi, nimeipima upya katika kila kiwango cha mwanga.

Kwenye mwanga wa juu, betri inatoa wati 11.3 na LED zinapata 9.8. Ufanisi ni asilimia 86 au 87, na ndio niliokuwa nikijisifia kwa wateja. Kwenye mwanga mdogo kabisa, ule wa kuwavuta dagaa karibu na wavu, betri inatoa wati 1.1 na LED zinapata nusu ya hiyo. Nusu nzima inaishia ndani ya boksi langu!

Baba yangu alivua kwa karabai. Akipunguza mwanga, mafuta yanayoungua nayo yanapungua. Taa yangu inafifia kwa macho, lakini betri haipati nafuu inayostahili.

Nimeutafuta upotevu kwa kidole na kwa mita. Transista inafunguka na kujifunga mara 300,000 kwa sekunde, hata LED zikihitaji chembe tu ya mkondo, na kila mara hula chaji kwenye lango lake: kama wati 0.14. Saketi ya kushusha volti 12 ziwe 5 za chipu inatupa nyingine 0.18 kama joto. Na koili! Niliisokota kwenye pete ya njano niliyoitoa kwenye pawasaplai ya kompyuta chakavu. Pete hiyo ni ya unga wa chuma. Kwa kasi ya 300,000 inapata joto yenyewe, mkondo uwe mwingi au kidogo. Karibu wati 0.2.

Hasara hizi hazijali mzigo. Kwenye wati kumi hazionekani. Kwenye nusu wati zinalingana na mwanga wenyewe.

Jumanne, 27 Agosti

Siku tatu nimehangaikia ule mwanga mdogo. Leo nahodha alipita kuulizia taa yake, nikamuuliza jambo nililopaswa kumuuliza mwaka jana: "Kwa usiku mmoja, mwanga upi mnautumia kwa saa ngapi?"

Alihesabu kwa vidole. Wa juu, saa moja na nusu, wanapofika na kutega. Wa kati, kama saa sita, wakisubiri dagaa wakusanyike. Mdogo kabisa, dakika chache kila wanapovuta wavu; zikijumlishwa hazizidi nusu saa.

Nusu saa! Nimetumia siku tatu kuokoa robo ya wati-saa.

Nimechora hesabu upya. Mwanga wa juu: 11.3 mara saa 1.5, ni wati-saa 17. Wa kati unakula wati 4.1, mara saa sita, karibu 25. Mdogo, kama nusu tu. Jumla 42. Betri yake ni ya asidi, volti 12, ampea-saa 7, yaani wati-saa 84, na ya asidi usipoishusha chini ya nusu ndipo inadumu. Nusu ya 84 ni 42. Hakuna akiba hata kidogo, na betri ikianza kuzeeka taa inazima kabla ya alfajiri. Ndiyo maana wananunua betri mpya kila mara na kulaumu paneli ya sola.

Kwa hiyo kazi ni ule mwanga wa kati.

Alhamisi, 29 Agosti, usiku

Nilikuwa nafifisha mwanga wa kati kwa kukata mkondo mzima mara 500 kwa sekunde: theluthi ya muda unawaka kwa 350, muda uliobaki giza. Jicho halioni. Lakini LED inayolishwa mkondo mdogo bila kukatwa hutoa mwanga mwingi zaidi kwa kila wati kuliko inayosukumwa kwa nguvu, na volti inayohitaji hushuka pia. Nimeacha kukata. Nimeshusha mkondo wenyewe hadi 100 hivi kwa safu, na mwanga ukalingana na wa mwanzo. LED zinakula 2.6 badala ya 3.3.

Pete ya njano nimeitupa, nimeweka feraiti. Kasi nimeishusha hadi 80,000. Betri sasa inatoa wati 3.0 pale ilipokuwa ikitoa 4.1.

Kwenye mwanga mdogo kumezuka mawili. Kwanza, safu tatu hazigawani mkondo mdogo kwa haki. Nilipima 31, 19 na 10. Nimezima mbili, moja inawaka peke yake. Pili, nimeiruhusu draiva ilale kati ya pigo na pigo ili isile betri bure, na koili ikaanza kulia kama nyenje. Kijana wangu aliisikia akiwa mlangoni. Nimepunguza ukubwa wa kila pigo ili mapigo yawe mengi, zaidi ya 20,000 kwa sekunde, ambako sikio haliyafikii. Imegharimu kidogo kwenye ufanisi. Nakubali, mtu hawezi kukaa na mlio ule gizani usiku kucha.

Jumatano, 4 Septemba

Mwezi haujaandama bado, giza ni totoro, na Igombe usiku ni mji wa taa juu ya maji.

Nahodha alitoka na taa saa moja jioni, amerudi asubuhi hii na dagaa wa kutosha na betri yake. Niliiacha itulie, nikapima: volti 12.3. Kwa hesabu usiku mzima umekula wati-saa 35. Safu moja ililegea waya tena usiku, akaufunga kwa kamba ya nailoni. Zile mbili hazikung'aa kupita kiasi.

Kwenye maboksi mapya siandiki tena "ufanisi asilimia 86". Nimeandika namba tatu za wati kwa kalamu ya wino, moja kwa kila mwanga: 10.9, 3.0, 0.7.

Kesho anawaleta wenzake wawili.