Sitara ya Uzeeni

Nilipoingia katika kazi ya kuwashauri watu juu ya fedha zao, baada ya kukaa miaka kumi na minane nyuma ya kaunta ya benki moja mjini Mombasa nikihesabu mali isiyokuwa yangu, nilikuwa na fomu ya kurasa nne niliyoichapa mwenyewe kwa taipureta, na swali lake la kwanza, ambalo hesabu zote zilizofuata zilisimama juu yake, lilimtaka mteja akadirie ataishi miaka mingapi baada ya kustaafu. Sikumpata hata mmoja aliyelijibu. Wako waliocheka, wako waliopiga audhubillahi, na mjane mmoja wa Kibokoni alijifunga buibui lake, akasimama, akaniuliza kama kazi yangu ni fedha au ni ramli. Swali hilo nikalihamishia ukurasa wa mwisho, kisha nikalifuta kabisa, nikawa nalijibu mimi mwenyewe kimoyomoyo kwa kumtazama mtu mikono na meno.

Mzee mmoja aliyekuwa kuli bandarini alinijia mwanzoni mwa 1992, miaka yake 55 ya kustaafu imetimia, na hundi ya kiinua mgongo ameikunja mara nne akaitia katika kijaluba cha bati kilichonuka tambuu. Nikamfungulia daftari, nikamchorea kwa rula jinsi fedha zake zitakavyoongezeka endapo ataziweka benki amana ya miaka mitano, naye akanisikiliza kwa adabu hata nikamaliza, ndipo akakifunga kijaluba chake. "Mwanangu," akasema, "hiyo riba kwanza dini yangu haiitaki, na la pili, wewe wanizungumzia faida, ilhali mimi nimekuja kutafuta sitara." Akaenda zake Likoni, akajenga nyumba ya vyumba sita vya kupangisha, nami nikamtia katika hesabu ya wajinga.

Nisingalimtia humo lau ningalijua mwaka ule umebeba nini. Wafadhili walikuwa wamekwisha kuzuia misaada yao tangu Novemba 1991. Uchaguzi wa vyama vingi ukafanyika Disemba 1992, na noti zikamiminika sokoni kama maji ya masika, hata kufikia 1993 bei za vitu zilikuwa zikipanda kwa zaidi ya asilimia 40 kwa mwaka, ilhali amana za wateja wangu zilipata riba isiyofika nusu ya mwendo huo. Kila mwisho wa mwezi vitabu vyao vya benki viliwaambia kuwa wametajirika, na kila asubuhi mwenye duka la unga na sukari akawaambia kinyume chake. Mzee wa Likoni alipandisha kodi, basi. Idi ilipofika aliniletea kifurushi cha halua wala hakunisimanga, nami nadhani ningalistahimili masimango kuliko ile halua.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi mwingine, wavamizi walikishambulia kituo cha polisi cha Likoni, na siku zilizofuata watu wa bara wakafukuzwa kwa moto na mapanga. Katika wapangaji sita wa yule mzee, watano walikuwa watu wa bara. Nilipovuka feri kwenda kumjulia hali, nilimkuta barazani peke yake, milango nyuma yake imefungwa kwa kufuli, na uani sare ya shule ya mtoto ingali kwenye kamba, imekauka ikawa kama gome. Akanikaribisha kwa taadhima ileile, akamwita mkewe alete kahawa, tukazungumza juu ya pepo za kusi na bei ya samaki. Kahawa ikaja bila tende. Katika nyumba ya mtu kama yule, kahawa isiyo na tende ni habari nzima, nami niliisoma. Lakini nilipomuuliza kama mambo yanakwenda, alijibu, "Alhamdulillahi, yote ni kheri," na mkono wangu uliokuwa tayari mfukoni ukashindwa kutoka.

Hapo ndipo neno lake la 1992 liliponiingia. Sisi wenye kalamu tulikuwa tukiwapimia watu faida, na wao walikuwa wakiomba kifuniko: wafe bila ya jirani kujua chungu chao kimekosa nini. Na ajabu ni kwamba hiyo hiyo haya ndiyo iliyowamaliza wengi, kwa sababu mstaafu aliyepokea kiinua mgongo Jumatatu hawezi kumwambia mpwa wake Jumanne kuwa hana mchango wa harusi, wala mtoto wa jirani kuwa hana nauli ya kwenda Jidda, na kila aombaye anajua siku ambayo hundi imeingia. Hakuna fomu yangu hata moja iliyokuwa na mstari wa wapwa.

Nami nisijitie ubora. Mwaka 2008, damu ya uchaguzi haijakauka vizuri, serikali ilipouza hisa bilioni 10 za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja, na foleni za waombaji zikageuka milango ya benki kuwa kama ya feri, mimi niliyewakataza watu miaka yote kununua hisa kwa deni nilikwenda nikakopa. Waombaji walikuwa wengi mno, nikagaiwa takriban moja ya tano ya nilichoomba, huku mkopo nikiulipia wote. Hisa zilianza kuuzwa sokoni Juni kwa zaidi ya shilingi 7. Mwaka uliofuata zikashuka chini ya 3, nami nikaziuza. Miaka kumi baadaye hizo hizo zilikuwa zaidi ya shilingi 20. Mke wangu marehemu hakulijua jambo hili hata siku moja.

Sasa nimepita miaka sabini, macho hayasomi tena tarakimu ndogo, na binti yangu ndiye anayeniangalizia pesa kwenye simu. Ijumaa iliyopita alikuja na kalamu na karatasi, akaketi karibu yangu, akauliza taratibu, kama nilivyokuwa nikiwauliza wengine, "Baba, hizi zilizobaki tuzipangie miaka mingapi?" Nikamwambia yote ni kheri. Kisha nikamwita mjukuu pembeni, nikamtuma kwa mwenye duka akaniletee nusu kilo ya tende, aandike, nitalipa mwisho wa mwezi.