RAMANI YA SIMU ILIVYOTUTUPA BONDENI

Siku hizi mtu akitaka kwenda mahali haulizi wenyeji, anauliza simu. Baba mdogo ni mmoja wa watu hao.

Mpenzi msomaji, ilikuwa likizo ya Aprili 2025, mvua ikinyesha bila huruma. Nyanya mzaa mama, anayeishi bonde la Kerio, alikuwa amebakiwa na insulini ya siku moja tu. Mama alikuwa kazini, kwa hivyo baba mdogo, aliyekuja kutoka Mombasa na gari lake, akakubali kunipeleka. Dawa tuliifunga kitambaa tukaitia katika thamosi yenye barafu. Joto huiharibu insulini, na ikiganda pia imeharibika. Nalo bonde la Kerio si Eldoret; ukishuka kutoka Iten joto hukupiga usoni kama umefunua sufuria.

Njia naijua. Huwa tunapanda matatu hadi Iten, tunateremka Tambach, Biretwo, halafu tunatembea. Lakini baba mdogo alimsikiliza yule mwanamke wa ndani ya simu. Tulipopita Biretwo akatuamuru tukate kona.

"Baba mdogo, kwa nyanya ni mbele," nikasema.

"Hapa tunaokoa kilomita sita," akajibu.

Nikanyamaza. Ningebishanaje na mzee wangu, tena mwenye setilaiti?

Lo! Ilikuwa njia ya mbuzi. Mbele korongo limefurika maji mekundu, nyuma matope, na gari likazama mpaka tumbo likagusa chini. Mtandao ukapotea, na yule mwanamke akanyamaza jii, kama mchonganishi aliyeona vita vimeanza. Mwalimu wa Jiografia alitueleza kwamba ramani hizi hutegemea picha za kutoka angani na simu za wapitaji. Sasa pale hata punda hapiti wakati wa mvua, simu ya nani ingetoa habari?

Nilifungua thamosi mara tatu. Barafu ilikuwa imebaki kipande kama kidole gumba.

Wachungaji watatu ndio waliotusukuma. "Mmeletwa na simu?" mmoja akauliza. "Nyinyi ni wa nne tangu mvua ianze."

Tuliporudi barabarani mtandao nao ukarudi. Simu ikasema kuna duka la dawa karibu, nyota tano, hufunguliwa usiku na mchana. Tukaenda mbio kutafuta barafu. Kumbe siku hizi linauza chakula cha kuku! Sifa zile zote ziliandikwa 2019. Mama mmoja wa hoteli ya chai, asiye na nyota hata moja, alitupa chupa mbili za maji baridi na kukataa pesa.

Tulifika saa moja jioni. Nyanya aliweka dawa shavuni, akasema bado ni baridi, akaitia katika chungu chake kilichozungushiwa mchanga wenye maji. Ndipo akageuka, akatazama matope yaliyomfika baba mdogo magotini, akauliza mbona tumechelewa hivyo.

Baba mdogo akasema ni mvua.