Ukuta wa garaji na wageni wetu

Wengi kati yenu muliopokea ndugu waliokimbia vita mumeniuliza namna ya kutengeneza garaji ili watu walale ndani. Leo naeleza ya kwangu, pamoja na makosa yangu.

Mwezi wa pili 2025, wakati kambi za kando ya Goma zilipobomolewa, mama mmoja wa Masisi alifika kwetu na watoto wake wanne. Yeye na bibi yangu ni wa ukoo mmoja. Nyumba ilikuwa imejaa, lakini ndani ya parsele kulikuwa garaji, maana gari niliuza zamani. Kuta zake ni za mawe ya volkano, kama kuta nyingi za hapa, na hazikupigwa sima ndani. Mawe yale ni meusi, yana matundu, na upande mmoja ulikuwa umelowa mazuti.

Kwanza nilitundika shitingi ukuta mzima. Upepo haukuingia. Lakini asubuhi maji yalikuwa yanatiririka juu ya shitingi na magodoro yamelowana. Pumzi za watu watano hazikupata njia ya kutoka. Jirani akashauri kartoni. Hiyo nilikataa: kartoni inaficha kunguni, na ikishika moto hakuna nafasi ya kuokoa mtoto.

Nikaita fundi. Akasema tupige sima na mchanga kuta zote, kisha rangi. Ni kazi nzuri, haishiki moto na inadumu. Nilikuwa nimekwisha kukubali. Jioni nikamwambia mama. Akanyamaza, kisha akasema:

"Papa, aksanti sana. Lakini ukipiga sima, watoto wataona kwamba haturudi tena."

Mimi sikuwaza hivyo. Kwangu ukuta ulikuwa jambo la baridi na la franga. Kwake ulikuwa jibu la swali ambalo watoto wanamuuliza kila siku. Nikamuuliza: "Mama, wewe ungependa nini?" Akajibu: tripleksi. Siku ya kurudi inaweza kubebwa, na ameambiwa kwamba nyumba yao imebaki bila milango.

Basi tukafanya hivi. Tulitoa shitingi. Tulikwangua mazuti na kusugua kwa sabuni na maji ya moto, maana chokaa haishiki juu ya mafuta. Tukapaka chokaa nyepesi mara tatu. Ndani kukawa na mwangaza, na ukuta unapumua. Upande wa vitanda peke yake ndio tuliweka tripleksi. Fundi alitangulia kupigilia vipande vya mbao ukutani ili hewa ipite nyuma, na chini akaacha nafasi ya kiganja kimoja ili tripleksi isinyonye maji ya sakafu. Tripleksi zenyewe alizifunga kwa visi, si misumari, ili siku moja zifunguliwe bila kupasuka. Matundu yaliyo chini ya mabati tuliyaacha wazi.

Na mbabula haiingii humo, hata baridi ikiwa kali. Makala yakiwaka ndani yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoua watu wakiwa usingizini. Tena tripleksi nayo inaungua. Chakula kinapikwa nje.

Kwa nyinyi munaopokea wageni, neno langu ni hili: kabla ya kununua kitu cha ukutani, muulize yule atakayelala ndani. Na nyinyi muliopokelewa, musione haya kusema. Mwenye nyumba anajua bei ya sima, lakini hajui mawazo yenu ya usiku.

Mpaka leo wako kwetu. Mtoto mkubwa ameandika kwa kipande cha kala, pembeni ya kila tripleksi: mlango, dirisha, mlango.