Maji ya Moto Yanapochoma Nyumba

Joto na kazi ni pacha. Hapana mkono ulimao usiotoka jasho, wala chombo kiendacho kisichopata moto. Mwanadamu amejaliwa ngozi ya kumpoza mwili, naye alipobuni injini ilimlazimu kuibunia ngozi ya namna nyingine, akaitengenezea rejeta, feni, pampu na mifereji ya maji. Nimefikiri sana juu ya jambo hili, ingawa kazi yangu ni lugha wala si mitambo, kwa sababu lugha yetu ina methali isemayo kwamba maji ya moto hayachomi nyumba. Huambiwa mtu aliyetishwa kwa maneno makali ili asiogope. Methali hiyo ni kweli juu ya nyumba za miti na makuti. Juu ya nyumba ya chuma, ambayo moto wake hukaa ndani na maji yake hukaa ukutani, si kweli. Maji ya nyumba hiyo yakipata moto kupita kiasi, nyumba yote huangamia.

Elimu kidogo niliyo nayo katika mambo haya niliipata Ujerumani, katika miaka niliyokuwa nikifundisha Kiswahili huko. Miongoni mwa wanafunzi wangu wa jioni alikuwamo fundi wa mitambo, mtu mzima, aliyezipenda ngeli za majina kwa sababu, alisema, kila kitu ndani yake hushikana na kingine kama meno ya gia. Alikuwa na motokaa ya spoti ya umri wa makamo, na mara mbili tatu kila mwaka aliipeleka Nürburgring, katika milima ya Eifel. Uwanja huo wa mbio ulifunguliwa mwaka 1927. Sehemu yake ya kale, iitwayo Nordschleife, ina urefu wa karibu kilomita 21 na kona zaidi ya 70, na kutoka bondeni hadi kileleni pana tofauti ya kimo cha karibu mita 300. Njia hiyo si ya mashindano peke yake. Ziko siku ambazo hufunguliwa kwa mwenye leseni yeyote alipaye ada, na ziko siku ambazo hukodiwa na wapenda motokaa, wakaendesha kwa kasi pasipo kugombea kikombe. Nilifuatana naye mara kadhaa, nikaketi kando yake.

Mtu huweza kuuliza: motokaa iliyoundwa na mahodari, iendayo kutoka mji hata mji bila ya kulalamika, kwa nini ichemke uwanjani? Jibu limo katika hesabu ya moto. Kwa makadirio ya jumla, katika kila lita tatu za petroli ziunguazo, nguvu ya lita moja tu ndiyo iisukumayo motokaa. Joto la lita ya pili hutoka kwa bomba la moshi, na la lita ya tatu huingia katika chuma cha injini, nalo halina budi kuchukuliwa na maji na oili. Barabarani, kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, motokaa ya kiasi hutaka kilowati 20 hivi ili iendelee na safari. Uwanjani dereva huidai injini iyo hiyo kilowati 200, huiachilia kwa nukta chache afungapo breki, kisha huidai tena. Rejeta iliyokuwa ikiteka joto kwa kijiko sasa hutakiwa kulichota kwa ndoo. Joto, basi, ni deni la mwendo. Dereva hukopa kila akanyagapo mafuta, na deni lisipolipwa upesi huzaa.

Deni hilo huonekana dhahiri mahali paitwapo Kesselchen. Njia hushuka mpaka Breidscheid, mahali pa chini kuliko pote, halafu huanza kupanda. Hupita kona ya Bergwerk, huendelea kupanda kwa kilomita kadhaa, hata ikafika Karussell na kilele cha Hohe Acht. Sehemu kubwa ya kupanda huko hufanywa kwa mafuta yaliyokanyagwa hadi mwisho. Jina la Kesselchen limetokana na neno Kessel, yaani chungu au birika kubwa la kuchemshia, likatiwa kiambishi cha udogo kama sisi tufanyavyo kijito kutokana na mto. Wajerumani huliita hivyo pia bonde lenye umbo la bakuli, na nadhani hiyo ndiyo maana iliyokusudiwa. Lakini mwalimu wa lugha aliyeketi ndani ya motokaa ikaribiayo kuchemka husamehewa akilifasiri kwa maana ya jikoni.

Rafiki yangu alikuwa na desturi ya kuianza siku ya uwanja wiki nzima kabla haijafika. Kwanza aliyaosha mapezi ya rejeta kwa maji ya taratibu, akitoa wadudu, majani na vipande vya mpira vilivyonasa, maana pezi lililozibwa ni dirisha lililofungwa. Pili aliziba kila upenyo baina ya rejeta na bodi. Upepo, alisema, ni mvivu kama mwanafunzi wa Ijumaa: ukiachiwa njia ya kando hautajisumbua kupita katikati ya mapezi. Tatu alikichunguza kifuniko. Maji matupu huchemka kwa nyuzi 100 katika usawa wa bahari. Kifuniko kizima kikiyabana vyema huweza kustahimili mpaka karibu na nyuzi 120. Mpira wa kifuniko ukichakaa, nyuzi hizo 20 za usalama hupotea kimya kimya, kwa ajili ya kitu kisichozidi bei ya chakula cha mchana.

Nne, maji yenyewe. Katika nchi za baridi hutiwa glaikoli ili yasigande yakaipasua injini. Lakini glaikoli hubeba joto pungufu kuliko maji, na ikimwagika njiani huteleza. Hivyo dawa ya Januari ni mzigo wa Julai, naye wakati wa kiangazi alipunguza kipimo chake, akahakikisha kwamba dawa ya kuzuia kutu haikosekani. Kisha alitoa hewa yote iliyonaswa katika mifereji, kwa sababu povu la hewa halipozi chuma. Mwisho alitia oili mpya, akaitazama rejeta ndogo ya oili kama imo katika njia ya upepo; maana oili hufika kwenye beringi na chini ya pistoni, mahali ambapo maji hayafiki.

Yote hayo ni maandalizi, na maandalizi hayalipi deni. Huongeza muda wa kulilipa tu. Mlipaji ni dereva. Mzunguko wa kwanza rafiki yangu aliuendesha kwa upole ili oili ipate moto wake wa haki. Baada ya mzunguko mmoja wa kasi aliufuatisha mmoja wa polepole, katika gia ya juu, ili upepo upite na joto jipya lisiongezeke. Hakukaa mgongoni mwa motokaa nyingine kwa muda mrefu, kwa kuwa aliye nyuma hupewa hewa iliyokwisha pashwa moto na kuvurugwa na aliye mbele; alijitoa kando kidogo, pua ya motokaa ikapata upepo wake yenyewe. Geji ikipanda, alibadili gia mapema. Ikizidi, alifungua kipasha joto cha ndani hadi mwisho, hata katika mwezi wa Agosti, nasi tukaloa jasho ili injini ipoe, maana kifaa hicho ni rejeta ya pili. Aliporudi hakuizima injini papo hapo, kwa sababu maji yakisimama ghafula, chuma cha moto huyachemsha pale yalipo. Wala hakukigusa kifuniko mpaka kilipovumilika kwa mkono, kwa kuwa maji yaliyobanwa yakifunguliwa hugeuka mvuke mara moja, yakambabua mtu uso.

Lililonistaajabisha kuliko yote ni habari za geji. Katika motokaa nyingi za barabarani geji ya maji hutengenezwa kwa makusudi ili mshale wake utulie katikati, ijapokuwa joto lapanda na kushuka kwa nyuzi nyingi, maana wenye motokaa hawapendi kuuona ukihangaika. Mshale huo ni mbembelezi, si shahidi. Tena maji yakivuja mengi, kipimo hubaki hewani, na mshale huweza kushuka wakati injini inapokufa. Kwa hiyo rafiki yangu alifunga geji mbili za namba, moja ya maji na moja ya oili, na chini yake akabandika karatasi aliyoiandika kwa mkono wake: maji 110, oili 135. Mpaka huo aliuweka akiwa nyumbani na akili yake imepoa. Aliniambia kwamba mpaka uwekwao njiani si mpaka.

Siku moja ya jua kali nilitambua maana ya maneno hayo. Alikuwa amelipa ada ya siku nzima, nayo haikuwa ndogo kwa mshahara wa fundi, na mara mbili mwaka ule mvua ilikuwa imemharibia siku yake. Mbele yetu ilikuwako motokaa mpya yenye nguvu kuliko yetu, naye alikuwa akiikaribia kona baada ya kona. Katikati ya kupanda Kesselchen namba ya oili ilisoma 136. Hakusema neno. Aliondoa mguu, akapandisha gia, akasogea upande wa kulia, akaiachia ile motokaa iende zake. Nilimwuliza kama uzi mmoja ni kitu. Akanijibu kwa Kiswahili chake cha taratibu, “Mwalimu, mmoja si kitu. Lakini mmoja huo nikiusamehe, wa pili nitaukatalia kwa neno gani?”

Haikupita saa moja, motokaa nyingine ilipasua mpira wa maji katika mwinuko ule ule. Maji yenye glaikoli yalitapakaa njiani, na kijana aliyekuwa akija nyuma, asiye na kosa lolote, aliteleza akagonga kingo za chuma. Alitoka mzima, akitetemeka. Motokaa yake haikutoka nzima. Yule wa kwanza alikiri mbele yetu kwamba aliuona mshale ukipanda tangu mzunguko uliotangulia, akatumaini kwamba utashuka. Baadaye tulipata habari kwamba kichwa cha injini yake kilipinda na gasketi iliungua, na oili ilipotolewa ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa kwa kuchanganyika na maji. Hasara hiyo ilikuwa yake kwa haki. Hasara ya kijana ilikuwa ya nani?

Hapo ndipo ninapoona uzito wa jambo hili, ambalo kwa mbali hufanana na mchezo wa watu wenye nafasi. Joto la injini si mali ya mwenye injini peke yake. Likimshinda, humwagika katika njia ya watu wengine, na aliye nyuma hulipa deni asilolikopa. Wengi hutafuta rejeta kubwa zaidi na feni yenye nguvu zaidi, wala si vibaya. Lakini rejeta kubwa mikononi mwa mtu asiye na mpaka ni ruhusa ya kukopa zaidi. Atakayechemka kwa nyuzi nyingi badala ya chache atachemka akiwa katika kasi kubwa zaidi.

Wazee walinena pia kwamba dalili ya mvua ni mawingu, na methali hii haina haja ya kurekebishwa kwa ajili ya chuma. Ile ya maji ya moto naendelea kuifundisha, kwa kuwa ni nzuri na maana yake imetulia. Ila mwanafunzi akiniuliza kama ni kweli siku zote, humjibu kwamba yategemea maji yako wapi. Yakiwa nje ya nyumba, alale usingizi. Yakiwa ndani ya kuta zake, ayatazame, na mpaka wake auandike mapema, kabla hajaketi mbele ya usukani.